Idhini ya Mgonjwa

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Ampendaye hangoji ruhusa, humpikia akampa. Uganga wa leo umeikanusha methali hii. Dawa ikiwa ingali katika majaribio, mgonjwa huelezwa hatari na manufaa yake, na pasipo neno lake hapana mkono ulio halali kumgusa. Lakini mgonjwa akiulizwa kwa habari za uongo, huwa amekubali nini?

Moyo wafaa kuwa mfano. Mtu apatwapo na mshtuko wa moyo, damu hukatika katika sehemu ya msuli wake, na sehemu hiyo hufa. Ngozi ikikatwa huota nyingine. Msuli wa moyo hubaki na kovu, na kovu halipigi. Ndiyo sababu habari ya mwaka 2001 ilipokewa kwa shangwe: Piero Anversa na wenzake walitangaza huko Marekani kuwa seli shina za uboho, yaani seli changa ziwezazo kugeuka za aina nyingine, zimeotesha msuli mpya katika mioyo ya panya. Mwaka 2004 makundi mawili ya wataalamu wengine yalijaribu yasione kitu. Hata hivyo shughuli iliendelea, sasa kwa seli zilizosemekana kuwa shina la moyo wenyewe, hata zikatiwa katika mioyo ya wagonjwa huko Louisville, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na hospitali iliyokuwa na maabara ya Anversa, vilipendekeza makala 31 za maabara hiyo zifutwe kwa sababu ya takwimu za kughushi. Mwaka uliofuata ikafutwa na ile makala ya wagonjwa.

Makala hufutwa kwa kalamu. Idhini ya mgonjwa yafutwa na nani? Wako wasemao kuwa hapana aliyedhulumiwa: mfa maji haachi kutapatapa, na hata angeambiwa kweli angekubali. Hoja hii ni dhaifu, tena ina ukatili ndani yake. Kutapatapa kwa mfa maji si ruhusa ya kumtupia kamba iliyooza. Yeye hana nafasi ya kuikagua. Kwa hiyo wajibu wa kuikagua ni wa aliye nchi kavu. Tena wengi huingia katika majaribio wakijua huenda wasipone, wakinuia kuwafaa watakaougua baada yao. Sadaka hiyo ndiyo iliyoibwa, nayo haimo katika hesabu ya wasemao kuwa hakuna aliyeumia.

Ni vigumu zaidi kumhukumu daktari aliyezitia seli kwa nia safi, akiyaamini aliyoyasoma. Hakutunga uongo, aliupokea akaupokeza. Lakini mchukuzi wa barua ya uongo, ajuapo yaliyomo, hana budi kurudi katika kila nyumba aliyobisha hodi. Tangazo la kufuta makala, katika jarida ambalo mgonjwa hakulisoma kamwe, halimfikii. Apaswa kuambiwa kwa kinywa, kwa maneno ayaelewayo, na yule yule aliyemwomba idhini. Na ikiwa amekwisha kufa, waambiwe wanawe.