Je, Ujamaa wa China Ni Ujamaa wa Kweli?

Mtu akimwita mwanawe Tajiri, je, mtoto huyo amekwisha pata mali? Hasha! Jina hutolewa siku moja, bali mwenendo huonekana siku zote. Ndivyo ilivyo na serikali. Katiba ya China ya mwaka 1982 yasema katika kifungu chake cha kwanza ya kuwa nchi hiyo ni ya kijamaa. Basi yafaa kuuliza kama jina na mwenendo hupatana.

Swali hilo si geni huku Fizi na Baraka. Tarehe 24 Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila na wenzake walianzisha Chama cha Mapinduzi ya Watu, yaani PRP. Wakakaa katika milima ya Fizi, mahali palipoitwa Hewa Bora, wakafuata mafundisho ya Mao Zedong, mkuu wa China. Miaka mingi ikapita. Mwezi wa Agosti 2021, huko Mwenga, jirani ya Fizi, gavana wa Kivu Kusini alisimamisha makampuni kadhaa ya Wachina wachimba dhahabu, kwa kuwa yalilaumiwa kufanya kazi bila kufuata sheria na kuharibu mazingira. Mzee alisikia ya kuwa China ni rafiki wa maskini. Mjukuu wake aona Wachina wakitafuta faida kama wafanya biashara wa nchi nyingine yoyote. Ni nani kati yao aijuaye China?

Kwanza sharti kujua ujamaa ni nini. Wavuvi kumi wa Baraka wachanga fedha, wanunua mtumbwi, wavu na taa za kuvulia ndagala. Chombo ni cha nani? Ni cha wote. Lakini hilo peke yake halitoshi. Ndagala zikiuzwa, kila mmoja apate haki yake, hata mjane wa mwenzao aliyekufa ziwani. Tena kila mmoja awe na ruhusa ya kuuliza: Fedha za jana zi wapi? Basi mambo ni matatu: mali iwe ya wote, faida iwafikie wote, na sauti iwe ya wote.

Jambo la kwanza ni mali. Katika China ardhi haimilikiwi na mtu binafsi: ya mijini ni ya serikali, ya mashambani ni ya jumuiya za vijiji. Benki kubwa, reli na mafuta ya petroli vimo mikononi mwa serikali. Lakini tangu mwaka 1978, wakati wa Deng Xiaoping, watu waliruhusiwa polepole kujitafutia faida. Leo viwanda vingi ni vya watu binafsi, na wako mamia ya matajiri ambao kila mmoja ana zaidi ya dola milioni elfu moja. Hapo ujamaa ni nusu tu.

Jambo la pili ni faida. Hapa haifai kuwanyima Wachina sifa yao. Benki ya Dunia yasema ya kuwa katika muda wa miaka arobaini watu karibu milioni 800 wa nchi hiyo walitoka katika umaskini mkubwa. Si jambo dogo! Hata hivyo, mkulima aendaye mjini kufanya kazi kiwandani, kama hakuandikwa kuwa mwenyeji wa mji ule, mara nyingi hapati haki zote za shule na matibabu wazipatazo wenyeji. Wote wamepiga kasia, lakini hawagawiwi sawasawa.

Jambo la tatu ni sauti, nalo ndilo zito kuliko yote. Nchi hutawaliwa na chama kimoja. Wafanyakazi wana shirikisho moja tu la vyama vyao, nalo liko chini ya chama hicho. Haki ya kugoma iliandikwa katika katiba za mwaka 1975 na 1978, kisha ikafutwa katika ile ya mwaka 1982. Na hasara ya kukosa sauti ilikwisha onekana zamani. Mwaka 1958 wakulima walikusanywa katika jumuiya kubwa; mashamba yakawa ya wote, hata chakula kikapikwa katika jiko moja. Viongozi wa chini, kwa hofu, wakapeleka habari za mavuno makubwa yasiyokuwako. Serikali ikachukua nafaka kwa kadiri ya habari zile. Toka 1959 hata 1961 mamilioni ya watu wakafa kwa njaa. Mali iliitwa ya wote, lakini aliyeona ghala tupu hakuthubutu kusema.

Labda mtu atajibu: «Leo wameshiba, sauti ni ya nini?» Lakini ng'ombe aliyenona si mwenye zizi. Hushiba kwa mapenzi ya bwana wake, na siku bwana akigeuka, hana la kusema. Mshirika ni yule awezaye kuuliza.

Basi jibu ni hili: China ina sehemu ya ujamaa katika mali, imefanya mengi kwa ajili ya maskini, lakini neno la mwisho si la wafanyakazi. Mtumbwi waitwa wa wote, na usukani umeshikwa na wachache wasioulizwa.

Kipimo hicho si cha China tu. Hewa Bora nako kulikuwa na mashamba ya pamoja na shule, na dhahabu ya Fizi ilivushwa ng'ambo ya ziwa ikauzwa, huku Kabila akikaa muda mrefu Dar es Salaam. Mchimbaji aliyeichimba, je, aliweza kuuliza bei yake? Na leo, katika kila shirika la wavuvi au la wakulima lianzishwalo Baraka, swali ni lile lile. Msomaji asitazame kwanza jina lililoandikwa mlangoni. Na aombe kuonyeshwa daftari la fedha.