Eliya chini ya mti

Masomo: 1 Wafalme 19:1-8, Matayo 5:43-48



Upendo, amri na kazi: hizo ndizo nguzo tatu tulizopewa, wala hatupunguzi hata moja. Lakini wako kati yetu wanaoshika amri mpaka zinawakaba koo. Mmoja amemaliza kuomba, amevaa viatu, anavivua tena na kurudi, kwa kuwa neno moja la sala lilimpita bila kulifikiri. Mwingine ametoa katika nsinsani kadiri ya uwezo wake, lakini usiku halali, anahesabu angeongeza kiasi gani. Mpiga fluti amekosea noti moja, anafunga siku tatu. Mama ameungama kosa la zamani kwa mchungaji. Juma linalofuata analeta lile lile, eti hakulieleza vizuri. Hali chakula, moyo unapiga mbio, anawaza kifo. Na sisi tunamsifu: tazameni mkristo wa kweli!

Mwangalieni nabii Eliya. Kule Karmeli moto ulishuka mbele ya watu wote. Baada ya hapo, Yezebeli alipomtisha, alikimbilia jangwani, akakaa chini ya mti, akaomba afe, akisema yeye si bora kuliko baba zake. Nani alimwagiza awapite baba zake? Mungu hakusema hivyo popote. Malaika naye hakumkemea, hakumwongezea mfungo. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akamwamsha ale, kwa maana safari ilimzidi nguvu.

Wengine watajibu: Yesu alituagiza tuwe wakamilifu. Ndiyo, Matayo 5:48. Lakini anzeni kusoma mstari wa 43. Pale anafundisha kupenda adui, na habari za Baba anayewapa wabaya na wema jua lile lile na mvua ile ile. Kuhesabu makosa hakumo. Neno la Kiyunani lililoandikwa pale, teleios, linasemwa hata kwa mtu aliyekomaa, kama vile sisi tunavyosema tunda limeiva. Na tunda haliivi kwa kubonyezwa kila saa.

Tata Simon Kimbangu mwenyewe, alipoitwa mwaka 1918, alijiona hakusoma ya kutosha. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi, mwito ukamfuata huko. Tarehe 6 Aprili 1921, kazi ilianza kwa mikono ya mtu yule yule.

Wachungaji na mashemasi, hapa nasema na ninyi. Mtu akileta mara ya kumi kosa lililokwisha kusamehewa, msilifungue upya. Wanganga wa magonjwa ya akili wanaeleza kwamba kila kurudia kunamtuliza kidogo tu, kisha shaka inarudi na kudai tena. Ni ugonjwa, nao una matunzo. Msikimbilie kusema ni pepo, ama uchawi, ama imani haba. Mwambieni kwa upole: umekwisha kusamehewa, leo utakula. Kaeni naye mpaka ale. Akisema anataka kufa, asibaki peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni hospitali siku ile ile pamoja na jamaa yake, na sala iendelee pale kitandani. Kikundi cha mamama kipange nani atampikia kesho, na nani kesho kutwa.

Amina.