Karatasi za Vita Zishikeni kwa Mikono Miwili

Wajukuu zangu wa Masisi na Walikale, nimesikia kuwa baadhi yenu mmeanza kukusanya karatasi za vita: barua za makamanda, vibali vya njia, stakabadhi zenye kashe, yaani muhuri, vitabu vya utumishi vya babu zetu waliokuwa askari. Nimefurahi, kisha nikaogopa. Nimefurahi kwa sababu vijiji vyetu vimechomwa na kuhamwa mara nyingi mno, na mtu akikimbia hubeba mtoto na sufuria, hakumbuki karatasi. Nimeogopa kwa sababu baadhi ya karatasi hizo vita yake haijaisha. Kaeni niwaeleze ninavyoona.

Sisi wa huku tumeona sahihi nyingi. Tarehe 23 Januari 2008, pale Goma, baada ya mkutano mrefu ulioongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu, makundi yenye silaha ya CNDP, PARECO na Mai-Mai yaliweka sahihi kwenye hati ya ahadi ya kusimamisha vita. Mwaka haukuisha, risasi zikarudi. Tarehe 23 Machi 2009 serikali na CNDP wakasaini tena, Goma hapohapo. Mwaka 2012 waasi wakaifanya tarehe hiyo kuwa jina lao, M23, wakidai kwamba yaliyoandikwa hayakutimizwa. Wakubwa wanapogombana juu ya kilichoahidiwa, mwananchi mwenye nakala anaweza kusema: hapa pameandikwa hivi, na aliyesaini ni huyu. Asiye nayo hubaki kumeza anachoambiwa na redio ya kila upande.

Kwa hiyo msitazame sahihi tu kwa kuwa ni ya mtu maarufu. Ulizeni alisaini kwa cheo gani, kwa niaba ya nani, na nani hakusaini. Mwaka 1999 kundi la waasi la RCD lilikuwa limegawanyika, na viongozi wake hawakukubaliana ni nani mwenye haki ya kusaini Mkataba wa Lusaka wa kusimamisha vita. Mwishowe, tarehe 31 Agosti, walisaini waanzilishi wake 50. Ukurasa ule wa majina peke yake unaeleza mgawanyiko wao kuliko hotuba zao zote.

Mtu akikuletea karatasi akisema ni ya zamani, anza na kichwa chake. Jeshi la nchi hii limebadili jina mara nyingi: Force Publique tangu enzi za Leopold II mpaka 1960, Armée Nationale Congolaise baada ya uhuru, Forces Armées Zaïroises tangu nchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971 mpaka Mobutu alipoanguka Mei 1997, FAC ya Mzee Kabila, kisha FARDC iliyotokana na mapatano ya 2003. Hati yenye kichwa cha Zaire na tarehe ya 1968 ni ya uongo, hata kama sahihi yake inapendeza. Barua ya serikali ya 1950 inayosema Kisangani badala ya Stanleyville, itilie shaka. Baada ya hapo igeuze: kalamu iliyokandamizwa huacha alama nyuma ya karatasi, lakini nakala ya mashine huwa laini pande zote mbili.

Halafu kuna watu ambao hawakusaini. Katika vita ya 1914, huku Ziwa Kivu na chini ya volkano palikuwa mpaka wa mapigano kati ya Wabelgiji na Wajerumani, na jeshi la Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya jeshi hilo walitembea wapagazi zaidi ya laki mbili. Afisa alisaini ripoti. Mpagazi aliyefia njiani hakuachiwa hata mstari. Ukipata kitabu cha askari wa Force Publique chenye alama ya kidole gumba badala ya jina, kishike kwa heshima ileile ambayo ungeipa barua ya jenerali. Kwangu mimi kina thamani zaidi.

Na Bushiri je? Mapema mwaka 1944, katika msitu wa Masisi na Lubutu, Bushiri Lungundu aliwaongoza Wakumu waliofuata dini ya Kitawala, wakaasi dhidi ya kazi za lazima na utawala wa Wabelgiji, na askari wakatumwa kuwavunja. Karatasi zilizosainiwa juu ya jambo hilo ziliandikwa na waliowashinda, na sehemu kubwa ya makabrasha ya ukoloni ilipelekwa Brussels. Waliobaki vijijini waliachiana habari kwa mdomo. Basi kila mkiweka karatasi ya ofisi kwenye sanduku, wekeni kando yake daftari la maneno ya wazee wa mahali hapo, wasemavyo kwa Kikumu, Kinyanga, Kihunde au Kinyarwanda.

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi. Karatasi za vita vya leo msizikimbilie. Kwa miaka mingi watu wa Masisi na Walikale wamelipishwa na makundi yenye silaha, wakapewa jetoni ya kuonyesha kwamba mwezi huo wamelipa; wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamechapisha picha za jetoni za namna hiyo katika ripoti zao. Ni ushahidi, naam. Lakini kijana akikutwa kwenye bariere ya barabarani na jetoni ya kundi moja, au barua ya kamanda wa upande mwingine, hakuna atakayesikiliza kwamba yeye ni mtu wa historia. Ataitwa mpelelezi. Usiibebe mwilini, usiipige picha ikakaa kwenye simu, usimwonyeshe rafiki kwa kujisifu. Ikiwa nyumbani kwenu ipo tayari, inyamazieni, na siku ya mahakama ikifika mtaitoa. Siku hiyo huja. Kwa ubakaji uliofanyika mwaka 2010 katika vijiji 13 vya njia ya Kibua na Mpofi, Walikale, Umoja wa Mataifa ulihesabu waathirika wasiopungua 387. Miaka kumi ilipita, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi Goma ikamhukumu Sheka, kiongozi wa kundi la Mai-Mai, kifungo cha maisha.

Jambo jingine: tangu mauaji ya soko la Ntoto, hukohuko Walikale, Machi 1993, kila jamii ya hapa ina wafu wake. Atakayekusanya karatasi za kabila la jirani tu, akaficha za kabila lake, anajenga ghala la silaha. Huyo simpi baraka.

Kuhusu utunzaji, sina mengi. Msizibe karatasi ndani ya plastiki kwa moto kama mnavyofanya vyeti vya shule. Joto na gundi huiharibu na haitoki tena. Msibandike utepe wa gundi. Wino wa kashe ukilowa husambaa, na unyevu wa Walikale hauna huruma, kwa hiyo tumieni bahasha kavu ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa ili mchwa wasilifikie. Mali bila daftari hupotea bila habari: andikeni nani aliwapa, wapi, lini, na kwa sharti gani. Nakala moja ikae mbali, Kisangani au Kampala, kwa mtu mnayemwamini.

Akija mnunuzi na dola, mkumbukeni mwenye jina lililoandikwa pale. Ulaya barua za Stanley, yule msafiri wa zamani, hupigwa mnada, na mnunuzi akishalipa huzifungia kwake. Kitabu cha babu yako kikiondoka Masisi kwa njia hiyo, wajukuu wake hawatakiona. Wape nakala wanaotaka kusoma. Asili ibaki kwa ukoo.

Wengi waliotumikia jeshi la Mobutu sasa ni wazee, na wengine wanalala kwenye kambi za wakimbizi na karatasi zao chini ya godoro. Nendeni kwao kwanza, mwezi huu, mkawaulize kwa adabu, na wasipotaka kuonyesha, msiwasumbue.