Papai la Elfu Moja

Mama yangu ana methali moja anayoipenda kuliko zote: mtegemea cha nduguye hufa hali maskini. Niliisikia nikienda shule, nikaisikia nikienda chuo, na niliisikia tena kwa simu jioni ile nilipomwambia kwamba mkataba wangu wa kazi umefika mwisho na hautaongezwa. Hakuanza na pole. Alitaja methali yake, kisha akauliza, "Hicho kiwanja chako cha Kigamboni kina nini?"

Kilikuwa na nyasi, kifusi na nyumba ya vyumba viwili ambayo sikuwa nimeimaliza. Nilihamia humo Oktoba, mvua za vuli zikianza kunusa, nikiwa na jembe, panga na hasira. Niliapa kwamba nitakula cha mkono wangu na sitamwomba mtu chochote. Wakati ule niliona hicho ndicho kilele cha utu uzima.

Udongo wa Kigamboni ni mchanga. Ukiumwagilia asubuhi, mchana umeshasahau. Kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa kupanda, ilikuwa kuulisha udongo wenyewe. Nilichimba shimo pana, nikalijaza maganda ya ndizi, majani makavu na mabaki ya jikoni, nikapanda migomba kulizunguka. Nikatandaza nyasi kavu juu ya matuta ili jua lisinyonye maji yote. Nikapanda mbaazi kando kando, kwa sababu mizizi yake huurudishia udongo rutuba ya naitrojeni, halafu mlonge, bamia, mnafu na mchicha. Mihogo niliisimika kwa pingili, nikijua kwamba majani yake yatanipa kisamvu kabla mizizi haijawa chakula. Mipapai nilipanda minne minne katika kila shimo, nikasubiri itoe maua. Ile ambayo maua yake yalining'inia kwenye vikonyo virefu ilikuwa midume, nikaikata. Iliyobaki niliilea kama watoto.

Mchicha ulikuwa mezani ndani ya mwezi mmoja. Mipapai ilichukua miezi kumi. Katikati, nilijifunza kwamba bustani haikuondolei njaa, inaipangia ratiba tu. Nilikuwa na daftari. Kuanzia Mei hadi Julai niliandika kwa fahari kwamba sikununua mboga ya majani hata fungu moja. Kwenye ukurasa wa pili, ambao sikumwonyesha mtu, kulikuwa na vitu nilivyonunua: mchele, sembe, mafuta, sukari, kiberiti, chumvi.

Kulikuwa pia na kitu ambacho sikukiandika kokote. Matembele yangu, yale yaliyotambaa hadi mlangoni na kunilisha wiki baada ya wiki, sikuyanunua. Matembele hupandwa kwa marando, na marando yale alinipa bibi jirani siku ya tatu tangu nihamie. Aliyakata kwake, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akayapitisha juu ya ua. "Chukua mwanangu, ukae na kitu cha kuchuma." Nilisema asante. Kwenye daftari nikaandika: matembele, shilingi sifuri. Nilidhani sifuri ile ni faida yangu.

Agosti, papai la kwanza lilianza kupiga rangi ya manjano upande mmoja. Nililihesabia siku. Asubuhi niliyopanga kulichuma, nilisikia kishindo, nikatoka, nikamkuta mtoto wa kiume wa miaka minane au tisa ameshalikumbatia. Nilipiga kelele. Nilitumia neno "mwizi", na nililirudia, kwa sauti ambayo njia nzima iliisikia. Mtoto aliliacha papai likaanguka, likapasuka, akaruka ua.

Alikuwa mjukuu wa bibi jirani.

Baada ya nusu saa bibi alibisha hodi. Alikuwa amejifunga khanga vizuri, kama mtu anayekwenda ofisini. Hakumtetea mtoto, hakunilaumu mimi. Alinyoosha noti ya shilingi elfu moja kwa mikono miwili. "Papai lako, mwanangu." Nilipaswa kukataa, na hadi leo naweza kuona jinsi ambavyo ningekataa: ningecheka, ningesema bibi acha hayo, ningemkatia kipande cha upande ambao haukupasuka. Badala yake niliipokea. Nilijiambia kwamba haki ni haki. Siku hiyo hiyo niliitumia dukani, na nilichonunua kilikuwa chumvi.

Nimeifikiria asubuhi ile mara nyingi, na sitaki kuirahisisha. Kuingia kwa mtu na kuchuma kisicho chako ni kosa, hata kama una miaka minane. Nilikuwa nimelifanyia kazi papai lile kwa miezi kumi, na mtu anayekuambia kwamba jasho lako ni mali ya kila apitaye naye anakuibia kwa namna yake. Nchi yetu ina kumbukumbu ya jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilizaa siasa iliyoitwa Ujamaa na Kujitegemea. Katikati ya miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwenda kwenye vijiji vipya, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Ushirika wa kulazimishwa haukuwafanya watu wapendane. Anayetoa kwa sababu hawezi kukataa hajatoa, amenyang'anywa.

Lakini jina la siasa ile lina jambo ambalo mimi na mama yangu tulikuwa tumelikata. Maneno yalikuwa mawili, na Ujamaa ndio uliotangulia. Sisi tulichukua la pili peke yake, tukalipeleka nyumbani, tukalifanya ukuta. Hata neno lenyewe halikubali kutumika hivyo. Ukilitazama, kutegemea bado kumo ndani ya kujitegemea. Silabi moja imegeuza upande linakoelekea, haijalifuta. Na huyo "mimi" ninayemtegemea ameundwa na nini? Kwenye bustani jibu linachekesha. Mhogo na papai asili yake ni Amerika. Mgomba ulitoka Asia, mbaazi na mlonge zilitoka pande za India. Vyote vilifika pwani hii mikononi mwa watu, na wengi wao hatuwajui majina. Hakuna nilichokianzisha mimi. Nilichoongeza ni maji, samadi na kiburi.

Maji yenyewe nilidhani ni yangu kwa sababu nililipia ankara. Mwaka ule vuli ilikuwa hafifu. Januari, kaskazi ikivuma na jua likichoma, bomba la mtaani kwetu lilikauka. Siku mbili, siku tano, wiki ya pili. Mchicha ulikufa kwanza, bamia ikafuata. Migomba ilijikunja majani kama mtu anayejifunika uso. Niliuziwa maji ya toroli mpaka nikaona fedha yangu itaisha kabla ya kiangazi.

Bibi jirani ana kisima. Kila jioni nilisikia ndoo ikigonga ukuta wake kwa ndani. Nilikaa siku nne bila kwenda. Sikuogopa kwamba atakataa. Niliogopa kwamba atakubali.

Siku ya tano nilikwenda na ndoo mbili na noti mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akaitazama noti kama mtu anayetazama barua isiyo yake.

"Kisima hiki sikukichimba mimi," alisema. "Alikichimba marehemu. Na marehemu hakuniuzia. Chota ndoo mbili asubuhi, mbili jioni, zaidi ya hapo kitachafuka."

Ndipo nikajaribu kusema lile nililopaswa kulisema Agosti. Nilimwomba anisamehe kwa ajili ya mtoto, nikamwomba apokee ile elfu moja. Aliniachia nimalize. "Lile tulishalipana, mwanangu. Usilifufue."

Watu huniambia kwamba hadithi hii inaisha vizuri, na kwamba funzo lake ni ujirani mwema. Sina hakika. Bibi hakunisamehe kwa kukataa fedha yangu. Alinionyesha tu kwamba kuna madeni ambayo fedha huyalipa na mengine ambayo fedha huyafunga mlango. Niliponyoosha mkono kupokea noti yake, nilimwambia kwamba sisi ni muuzaji na mnunuzi. Yeye aliheshimu mkataba ule kwa upande wa papai, akakataa kuuhamishia kwenye maji. Kama angekuwa kama mimi, angeniuzia ndoo, na asingekuwa amekosea. Bustani yangu ingekufa kwa haki kabisa.

Kwa hiyo ninapoulizwa na marafiki wanaotaka kuanza, nawaambia ukweli wote wa mchanga na matandazo, halafu nawaambia kwamba kipimo changu kimebadilika. Zamani niliuliza: naweza kuishi siku ngapi bila kumwomba mtu? Sasa nauliza: nikiishiwa, ni mlango gani naweza kubisha bila aibu, na ni nani anaweza kubisha wangu? Mama akisikia hivi huguna. Bado ana methali yake, na bado sidhani kwamba ni ya uongo. Maskini anayesubiri sahani ya nduguye nimemwona. Aliyekufa maskini huku ghala lake limejaa, sisi hatukumtungia methali.

Mvua za masika zilipofika nilipanda mashimo matatu ya mipapai nje ya ua, upande wa njia, mahali ambapo mtoto anaweza kufika bila kuruka kitu. Imeshaanza kuzaa. Wapita njia huchuma, wengine huniuliza, wengine hawaniulizi. Mtoto yule sasa amekuwa mrefu. Kila asubuhi akienda shule hupita pale, husema "Shikamoo anti" bila kusimama, na hajawahi kuinua macho kuitazama mipapai.