Je, tuna haki ya kumlisha mtoto kwa nguvu?

Kuna jambo moja tunaliona kila siku hapa Bukavu na katika vijiji vya Kivu, na kwa kuwa tumelizoea hatuliulizi tena. Mama anakaa kwenye kiti kifupi, analaza mtoto wa miezi saba juu ya mapaja, anashika mikono yake, mara nyingine anaminya pua kidogo, na anamiminia uji na mboga kinywani kwa kiganja. Mtoto analia. Anapolia kinywa kinafunguka, na chakula kinapita. Watu wa nyumba wanaendelea na maongezi yao. Hakuna anayeona kwamba pale kuna watu wawili wanaobishana, mmoja ana nguvu zote, na mwingine hana kitu isipokuwa kufunga kinywa.

Swali langu ni hili: ule anayekupenda, tena anayejua kwamba chakula ni kizuri kwako, ana haki ya kukifungua kinywa chako kwa nguvu?

Wengine watasema hilo ni swali la watu walioshiba. Sikubali, ila nawasikia. Hapa kwetu tunajua bwaki. Ugonjwa ule wa watoto kuvimba miguu na uso, nywele kupoteza weusi wake, ambao vitabu vya waganga vinauita kwashiorkor, watu wa Kivu waliupa jina lao wenyewe, na katika miaka ya 1960 iliundwa kamati Bukavu kwa kuupiganisha. Hata jina la kwashiorkor lilitoka Afrika, katika lugha ya kabila la Ga kule Ghana. Daktari Cicely Williams ndiye aliyeliandika katika miaka ya 1930, na lilisema juu ya mtoto anayegonjwa wakati mdogo wake amezaliwa, ni kusema mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa. Ni umri ule ule tunaouzungumzia. Basi mama anayemimina uji si mtu mubaya. Ni mtu mwenye woga. Amesikia mama mukwe wake akiuliza mbele ya majirani: « Huyu mutoto mbona ameisha hivi? » Anayemhukumu bila kusikia ile woga hajamaliza kufikiri.

Lakini woga haujibu swali. Tuangalie kwanza kukataa kwenyewe ni nini. Mtoto anazaliwa akipenda utamu, na maziwa ya mama ni matamu. Uchungu wa majani anauogopa, na anao sababu: porini majani mengi machungu ni sumu. Sombe yenyewe ikiwa mbichi ina sumu, ndiyo maana wamama wanaitwanga na kuichemsha muda mrefu, na hakuna anayewaita waoga. Mtoto anayetema lengalenga anafanya kazi ile ile kwa ulimi. Wachunguzi wa mambo ya watoto wameona kwamba mara nyingi inaomba kumwonjesha mtoto chakula kipya mara nane, kumi, hata zaidi, kabla akipokee. Sisi tunaachia kwenye ya tatu, ao kwenye ya tatu tunamshika mikono.

Kuna tena jambo lililonishangaza. Mwaka 2001, kule Marekani, Julie Mennella na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa mimba ao wa kunyonyesha walipokea ladha ya karoti vizuri kuliko wengine. Ladha inapita katika tumbo na katika maziwa. Kumbe mtoto wa mama mwenye kula sombe amekwisha kuonja sombe kabla ya jino la kwanza! Tunapoiingiza kwa nguvu tunamgombanisha na kitu alichoanza kukizoea.

Nitasema yaliyonipata. Mtoto wetu wa pili alikataa lengalenga. Mama yangu alikuwa ametoka kijijini kutusalimia, akamwambia mke wangu: « Mutoto hana ruhusa ya kukatala. Umushike tu. » Mke wangu, kwa heshima, alimshika. Siku mbili. Siku ya tatu mtoto akiona kijiko tu alifunga kinywa, hata kwa uji wa masoso aliokuwa akiupenda. Mimi mwalimu, mwenye kufundisha vijana wa watu namna ya kufikiri, nilinyamaza. Nilikuwa mezani na sambaza zangu.

Na pale ndipo aibu yangu inaanza. Lengalenga mimi sikuila. Nyumbani kwetu mboga ilikuwa ya wanawake na ya watoto. Samaki na nyama vilikwenda kwa baba. Wengi wetu tumesikia kwa wazazi namna mwanamke alivyokatazwa hata nyama ya kuku. Sisemi mtoto wa miezi nane anajua hayo. Lakini anajua uso. Alikuwa akiona baba yake anasukuma sahani ile pembeni kila jioni, kisha sahani ile ile inamfuata yeye kwa nguvu. Kwa haki gani?

Desturi yetu ina pande mbili, tusiisifu yote wala kuitupa yote. Wazee walimketisha mtoto katikati ya wakubwa zake, kando ya sahani moja, wakampa kipande kidogo cha bugali kilichopita katika mchuzi wa sombe akishike mwenyewe. Alikinyonya, alikitupa, kesho alirudia. Hakuna aliyehesabu.

Mtu ataniuliza: na dawa? Mtoto wangu akiwa na malaria na akikataa dawa, namshika, siombi ruhusa. Ndiyo. Pale, kama ninangojea, pengine hakutakuwa na kesho. Na mtoto aliyekwisha kukonda ao kuvimba apelekwe kituo cha afya, si kubishana naye jikoni. Lakini lengalenga ya leo ina kesho yake, na kesho kutwa.

Shida ni kwamba hiyo kesho ina bei. Mama anayekwenda soko la Kadutu asubuhi mapema, akiacha mtoto kwa dada yake wa miaka tisa, atapata wapi mara kumi? Na chakula kinachotemwa ni franga. Kumwambia « uvumilie » bila kumsaidia ni maneno tu. Kwa hiyo naona uvumilivu ule si deni la mama peke yake. Baba yuko nyumbani jioni, ana mapaja, ana mkono.

Nilianza kumuweka mtoto mapajani na kula lengalenga mbele yake. Wiki ya kwanza alitazama tu. Kisha aliingiza vidole katika sahani yangu, akaonja, akakunja uso sawasawa na mimi. Siku nyingine akarudia. Mama yangu aliona, hakusema kitu, akasogeza sahani karibu.

Hata leo lengalenga siipendi sana, ila ninaikula. Mke wangu anacheka, anasema kwangu iliomba zaidi ya mara kumi.