Stesheni ni ya Nani?

Miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni kwenda kaskazini hadi Kinyangiri, eneo ambalo sasa liko wilayani Mkalama. Miaka ya 1940 ikaling'oa. Vyuma vikasafirishwa kusini kujengea reli ya Mtwara na Nachingwea, kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga. Mradi ukafa mwaka 1951, na reli ya kusini nayo ikafungwa mwaka 1962. Watu wa Kinyangiri walinyang'anywa njia iliyokwishawafaa, ikatolewa sadaka kwa karanga ambazo hazikustawi.

Kilimatinde, jirani na Manyoni, nako yalitokea ya namna yake. Wajerumani walikuwa na boma lao pale, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwenye njia ya misafara. Reli ya Kati ilipotoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilipita kando. Manyoni ikakua, Kilimatinde ikabaki na historia.

Ukiyatazama haya mawili, unaweza kusema kwamba maana ya mahali huamuliwa na mwenye ramani. Sikubali. Mwenye ramani huamua treni isimame wapi. Kinachotokea ikishasimama si chake.

Simama Manyoni au Itigi treni ya bara inapoingia. Akina mama wanakuja na mabeseni kichwani: kuku wa kienyeji, mayai ya kuchemsha, asali ya msituni kwenye chupa za maji. Abiria ananyoosha noti dirishani, anapokea kuku, honi inalia, magurudumu yanaanza kuzunguka. Chenji bado iko mkononi mwa mchuuzi. Naye anakimbia kando ya behewa, kanga inamponyoka begani, mpaka ile chenji imfikie mwenyewe. Angeweza kusimama tu. Nani angemdai? Abiria anakwenda Tabora au Kigoma, pengine hawataonana tena maishani. Kwangu mimi stesheni ni hapo hasa: watu wasiojuana wanaaminiana kwa dakika chache, bila shahidi wala risiti. Jengo, kengele na kibao cha jina vimewekwa ili jambo hilo liwezekane.

Sasa reli ya kisasa imefika Makutupora, wilayani Manyoni, na kutoka hapo inajengwa kuelekea Tabora. Tangu mwaka 2024 abiria wanakwenda Dodoma kwa treni ya umeme. Pale Dar es Salaam njia yake imeinuliwa juu ya nguzo, magari na watu wanapita chini. Ni kazi kubwa, nami naifurahia. Mgonjwa anayewahi hospitali na mkulima anayewahisha alizeti sokoni hawana sababu ya kulilia mwendo wa zamani. Ila madirisha ya treni hiyo hayafunguki, na stesheni zake zina uzio na mageti.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia kipande cha Makutupora hadi Tabora: kabla hamjakabidhi funguo, mtengeeni mama wa beseni nafasi ndani ya uzio, yenye kivuli na maji, kwa ushuru anaoumudu. Msimwache nje ya geti.