Waacheni Wahusika Wenu Wazeeke

Wanangu mnaokaa mezani na dadu na karatasi za wahusika, nimewasikiliza mkicheza. Mnapenda mapigano, mnapenda mazimwi, mnapenda hazina. Lakini kila kitabu kipya kikifunguliwa kuna kurasa mnazoziruka: za majeraha, za maradhi na za uzee. Mwendeshaji wa mchezo akizigusa tu, mnamwambia anawachelewesha. Mimi niliyeianza michezo hii nywele zikiwa bado nyeusi nawasihi mzisome. Mhusika asiyeumia wala kuzeeka hana cha kupoteza, na asiye na cha kupoteza hawezi kuwa shujaa, hata akiua mazimwi mangapi.

Najua mazoea hayo mmeyatoa wapi. Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka Marekani mwaka 1974, katika toleo lake la 2014 humruhusu mhusika aliyebakiwa na pointi moja ya uhai kulala usiku mmoja na kuamka mzima. Sheria hiyo ina sababu yake. Wanaotaka kuingia pangoni kila siku hawawezi kukaa wakimsubiri majeruhi. Na Gygax mwenyewe alikwisha kueleza, mwaka 1979, kwamba pointi za uhai si nyama na damu peke yake. Ndani yake mna ustadi, bahati na hata ulinzi wa miungu. Kama ndivyo mnavyotaka kucheza, chezeni kwa raha zenu. Ninachokataa ni kulibeba zoea hilo na kulipeleka kila meza, hata kwenye michezo iliyojengwa juu ya kinyume chake.

Chukueni Pendragon, aliyoiandika Greg Stafford ikachapishwa na Chaosium mwaka 1985. Humo mnacheza mashujaa wapanda farasi wa Mfalme Arthur, katika Uingereza ya hadithi. Nifuateni katika hesabu moja. Shujaa wenu ana umbo 14, siha 13 na nguvu 12. Uhai wake ni umbo na siha zikijumlishwa, yaani 27. Adui anampiga upanga, na baada ya deraya kupunguza makali, pigo linamwingia kwa pointi 14. Mnaweza kusema bado ana 13, aendelee. Hapana. Pigo moja likifikia siha ya mtu, hilo ni jeraha kubwa, na jeraha kubwa humwangusha papo hapo na kumwachia upungufu wa kudumu katika mwili wake. Kasi yake ya kupona hutokana na nguvu na siha: jumlisheni, mgawanye kwa 10, mpate 3 baada ya kukadiria. Tatu kwa wiki, siyo kwa siku. Kwa hiyo yuko kitandani wiki tano, tena akipata mganga anayejua kazi na akitulia.

Wiki hizo tano ndizo mnazozifuta kwa sentensi moja, na ndizo ninazozipenda kuliko pigano lenyewe. Nani anamuuguza? Yuko katika ngome ya nani, na mwenye ngome atadai nini baadaye? Mashindano aliyoahidi kuhudhuria yanapita bila yeye, na mpinzani wake anashinda. Wenzake wanamsubiri, au wanamwacha? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mezani ukweli huo huonekana upesi: wote wana haraka ya kuondoka isipokuwa aliyelala. Mwendeshaji mzuri huwauliza wachezaji wengine mmoja mmoja wanafanya nini wakati huo, na majibu yao huwaonyesha wahusika wao ni watu wa namna gani. Nimeona urafiki wa miaka ya mchezo ukizaliwa kando ya kitanda cha mgonjwa, bila hata dadu moja kurushwa.

Halafu kuna majira ya baridi. Kwa desturi Pendragon huupa kila mwaka safari moja tu. Baridi ikiingia, mashujaa hurudi nyumbani. Hapo hurushwa dadu za mavuno, za farasi kama wamenusurika, za mke na watoto. Na shujaa aliyetimiza miaka 35 hurusha dadu za uzee. Akikosa bahati hupungukiwa nguvu, wepesi, siha au sura, na sifa mojawapo ikifika sifuri, amekufa. Umaarufu mkubwa alioupata kwa matendo yake unaweza kumnunulia pointi ya kuziba pengo, lakini dadu hurudi kila mwaka.

Wengi wenu mnaliona hili kama adhabu. Hebu litazameni tena. Kampeni kubwa ya Stafford, yaani mfululizo wa safari za Pendragon uliochapishwa mwaka 2006, huanza mwaka 485 wa hadithi na kupita miaka themanini. Mtu mmoja hawezi kuimaliza. Lazima aoe, alee, amfundishe mwanawe upanga, na siku moja mchezaji yule yule achukue karatasi ya mwana. Kwa hiyo swali la nani atamrithi lina uzito wa kweli, na ndoa inakuwa uamuzi mzito kuliko upanga mpya.

Mchezo wa Traveller wa mwaka 1977 ni mkali zaidi. Mhusika huanza na miaka 18, akaingia utumishi kwa vipindi vya miaka minne minne, na katika sheria za mwanzo anaweza kufa kabla mchezo wenyewe haujaanza. Kila kipindi humwongezea ujuzi, lakini akifika miaka 34 mwili nao huanza kudai chake. Je, utoke mapema ukiwa na nguvu, au ubaki uchume ujuzi huku goti likilegea? Vijana, swali hilo mtaulizwa pia nje ya mchezo, na si vibaya kulizoea mezani.

Sasa nasema na ninyi mnaoendesha. Kabla ya kikao cha kwanza, waambieni wachezaji wazi kwamba majeraha yatadumu na miaka itahesabiwa, msimshtukize mtu. Jeraha likimpata mhusika, lipeni mahali na historia: bega la kushoto, mkuki wa Msaksoni, mwaka fulani. Msilitumie kumfanyia mchezaji kisasi wala kuchekesha meza. Na kumbukeni waliokaa mbele yenu. Huenda mmoja ametoka kumzika mzazi aliyeugua muda mrefu, mwingine mwenyewe anaishi na ulemavu. Waulizeni faraghani wangependa nini kiwemo na nini kisiwemo, kisha mheshimu jibu. Mhusika aliyepoteza mkono msimtoe hadithini. Mpeni baraza, mpeni ngome ya kulinda, mpeni vijana wa kufundisha.

Na mchezaji ambaye shujaa wake amezeeka asiharakishwe kumtupa. Mwacheni awacheze baba na mwana kwa majira mawili matatu, mmoja akishauri nyumbani na mwingine akiwa njiani, mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari kuikunja karatasi ya zamani.